Saitomita ya kukodi mjini Kampala: mapafu ya panya kwenye mashine iliyozoea damu

Katika mwaka mmoja uliopita nimepeleka sampuli mara nne kwenye kituo kimoja cha Kampala kinachokodisha saitomita, yaani ile mashine inayopitisha seli moja moja mbele ya leza na kuzitambua kwa rangi zinazong'aa zilizobandikwa juu yake. Sikitaji kwa jina, kwa sababu baadhi ya ninayoyalalamikia yamekwisha kurekebishwa na mengine yalikuwa makosa yetu wenyewe. Ninawaandikia wenzangu wanaofanya utafiti hapa Uganda, hasa sisi tuliotoka Kagera, Kigoma, Goma na Kisumu, ambao tukikutana kwenye ngazi za maabara tunaulizana kwa Kiswahili mambo yasiyoandikwa katika mwongozo wowote: nani ana barafu kavu, ni nani anayejibu simu Jumamosi, na mashine ipi inaaminika.

Kazi yetu ni ndogo. Tunachukua panya wadogo weusi wa maabara, wa ukoo wa C57BL/6, tunawalaza kwa dawa ya usingizi, tunawadondoshea puani bakteria wa nimonia aitwaye Streptococcus pneumoniae, kisha tunachunguza seli za kinga za mapafu yao baada ya saa 6, saa 24, saa 48 na siku 7. Panya wanapatikana, bakteria tunawaotesha wenyewe na kibali cha maadili ya wanyama tulikipata baada ya subira ndefu. Tulichokosa ni mashine ya kuzitenganisha seli hizo kwa aina zake, nayo si kitu ambacho mradi wa wanafunzi wawili na mwalimu mmoja unaweza kununua. Ndiyo maana tunakodi.

Kituo chenyewe kiko ghorofa ya chini, kina kiyoyozi kinachofanya kazi, na mashine yake ina leza tatu: ya zambarau, ya bluu na ya nyekundu. Tulilipa shilingi 180,000 kwa saa tukiendeshewa mashine, na muda wa kuiosha mwishoni huhesabiwa ndani ya saa yako. Kila asubuhi mashine hupimwa kwa shanga maalumu kabla ya mteja wa kwanza, na matokeo huandikwa kwa kalamu katika daftari ambalo mteja anaruhusiwa kulifungua. Nililifungua. Halikuwa na siku iliyorukwa isipokuwa Jumapili na sikukuu. Jambo hilo peke yake linatosha kukiweka kituo hiki juu ya vingine nilivyowahi kuvitumia, kwa sababu mashine isiyopimwa haipigi kelele. Inaendelea kutoa namba kama kawaida.

Tatizo ni kwamba mashine hii, na watu wanaoiendesha, wamelelewa na damu ya binadamu. Saitomita nyingi katika nchi zetu ziliingia kwa ajili ya kuhesabu seli za CD4 za watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na mikono iliyojifunza kazi hiyo imejifunza vizuri sana. Lakini pafu si damu, na panya si mtu, na tofauti hizo mbili zilitugharimu safari nzima ya kwanza.

Ili msomaji aone kwa nini, hana budi kujua kilichomo ndani ya pafu la panya mwenye afya. Ukiyaosha mapafu hayo kwa maji ya chumvi kupitia koromeo la hewa, ukayavuta tena kwa sindano, zaidi ya asilimia 90 ya seli utakazozipata ni za aina moja tu, nazo ni makrofaji, yaani seli zinazomeza vijidudu na uchafu, za vifuko vya hewa. Seli hizi hazishuki kutoka kwenye damu kila siku kama wengi wetu tulivyofundishwa zamani. Zinatokana na monosaiti (seli nyeupe za damu zinazoweza kugeuka makrofaji) za kijusi, hukamilika ndani ya vifuko katika siku za mwanzo baada ya panya kuzaliwa kwa msukumo wa saitokini (protini ambayo seli hupelekeana habari kwayo) iitwayo GM-CSF, na tangu hapo hujizalisha zenyewe palepale. Siku za amani kazi yao ni ufagizi: kumeza vumbi, mabaki ya seli na ziada ya ule ute wa mafuta unaozuia vifuko visigandamane. Kwa hiyo ni seli kubwa, nene, zilizojaa vijipovu, na zina mng'ao wa asili hata kabla hujazipaka rangi yoyote. Sifa hizo mbili, ukubwa na mng'ao, ndizo zilizotuletea matatizo.

Bakteria wanapoingia, picha hubadilika kwa saa, wala si kwa siku. Wakiwa wachache, makrofaji huwameza na kuwamaliza bila kuita mtu. Wakizidi uwezo wake, vipokezi vyake, vikiwamo TLR2 na vingine vinavyotuma habari kupitia protini ya MyD88, huamsha utoaji wa saitokini TNF na IL-1, na seli za ukuta wa njia ya hewa nazo huanza kumwaga kemokini, yaani saitokini zinazoita seli, CXCL1, CXCL2 na CXCL5. Panya hana CXCL8, ile ambayo vitabu vya binadamu huitaja kwanza, kwa hiyo usiinunue dawa ya kuipima kwa panya; nimeona watu wakifanya hivyo. Kwa mwito huo nyutrofili, seli nyeupe za mstari wa mbele, huvuka kutoka kwenye mishipa ya damu ndani ya saa chache na kufikia kilele kati ya saa 24 na 48, zikisukumwa zaidi na saitokini IL-17 ambayo mapema hutolewa na limfosaiti T za aina ya gama-delta. Monosaiti zenye protini ya Ly6C nyingi hufuata, zikiitwa na kemokini CCL2. Hapo katikati makrofaji zilizomeza bakteria wa nimonia na kushindwa kuwaua wote hujiua zenyewe kwa utaratibu, na kifo hicho humaliza sehemu ya bakteria waliosalia tumboni mwake. Kisha nyutrofili, ambazo maisha yake ni mafupi, hufa na kumezwa na makrofaji zilizobaki, na umezaji huo ndio unaoanza kuutuliza uvimbe. Mteja anayekwenda kukodi mashine kwa kazi ya namna hii anataka kuona nani yuko wapi, saa ngapi, na kwa idadi gani. Hilo ndilo jambo ninalolipimia huduma hii.

Safari ya kwanza nilibeba sampuli za panya sita, watatu wenye afya na watatu walioambukizwa saa 24 kabla. Tuliyaosha mapafu kwa mililita 0.8 ya maji ya chumvi yenye EDTA, mara tatu kila panya, tukaziweka tyubu katika boksi la barafu, nami nikapanda bodaboda nikiwa nimelikumbatia boksi kama mtoto mgonjwa. Fomu ya mapokezi ilikuwa na visanduku vitatu vya aina ya sampuli: damu, uboho, na nyingine. Niliweka alama kwenye "nyingine" na kuandika kwa mkono kwamba ni majimaji ya kuosha mapafu ya panya. Kijana wa mapokezi aliisoma mara mbili, akaniuliza kwa upole, "Ssebo, panya wa stoo?" Nikamweleza. Akagonga muhuri.

Siku hiyo hatukuruhusiwa kukaa karibu na mashine. Tulikabidhi tyubu tukaondoka, na kesho yake ripoti ilikuja kwa barua pepe, kurasa nne zilizopangwa vizuri. Ilisema kwamba kwa panya wenye afya, makrofaji zilikuwa asilimia 4, asilimia 6 na asilimia 3 ya seli. Zilizobaki zilikuwa "limfosaiti" na "granulosaiti" (kundi la seli nyeupe zenye chembechembe, zikiwamo nyutrofili). Kwa panya walioambukizwa, nyutrofili zilikuwa zaidi ya asilimia 80, jambo lililoeleweka. Lakini panya mwenye afya asiye na makrofaji kwenye vifuko vyake vya hewa hayupo, au kama yupo si wa ukoo wetu.

Mwenzangu wa Goma, ambaye hana imani na kitu chochote chenye waya, alikuwa ameweka pembeni matone ya sampuli zilezile, akayatandaza kwenye vioo na kuyapaka rangi ya Giemsa. Tuliviweka vioo hivyo chini ya hadubini jioni ile. Kioo cha panya mwenye afya kilijaa seli kubwa za mviringo zenye kiini kimoja kilichosogea pembeni na mwili wenye vijipovu kama povu la sabuni ya mche. Tulihesabu seli 200, na zisizo makrofaji zilikuwa 7. Kioo cha panya aliyeambukizwa kilikuwa na nyutrofili zenye viini vilivyopindana kama pete, zimesongamana, na katikati yake makrofaji moja moja, nyingine ikiwa imemeza nyutrofili nzima. Rangi ya Giemsa ya chupa moja, hadubini ya zamani na macho mawili viliishinda ripoti ya kurasa nne.

Nilirudi wiki iliyofuata bila sampuli, nikiwa na vioo vyangu mfukoni, nikaomba kuonana na mwendeshaji wa mashine. Hapa ndipo ninapoanza kukisifu kituo. Dada yule, ambaye Kiswahili chake alikipata Arua na ni safi kuliko changu, hakujitetea hata kidogo. Alifungua faili letu kwenye kompyuta, akageuza skrini upande wangu, akasema, "Kaka, hizi seli zako ni kubwa mno. Tazama, zote zimejibana ukutani." Kwenye mchoro wa ukubwa dhidi ya uchangamano, nukta nyingi zilikuwa zimejipanga mstari mmoja kwenye ukingo wa kulia kabisa, kama watu waliofika getini wakakuta limefungwa. Na kweli lilikuwa limefungwa: geti, yaani ule mstari unaozungushiwa kundi la seli zinazostahili kuhesabiwa, lilikuwa ni lile la damu ya binadamu, lililohifadhiwa katika programu kama kiolezo. Limfosaiti zinaingia, monosaiti zinaingia, granulosaiti zinaingia, na chochote kikubwa kuliko hapo huhesabiwa kuwa ni seli mbili zilizogandana na kutupwa. Makrofaji zetu zilitupwa karibu zote. Ile asilimia 4 ilikuwa ni ya zile ndogondogo zilizopenya.

Marekebisho yenyewe yalichukua dakika zisizozidi 10. Alishusha volti za vitambuzi vya ukubwa hadi kundi lote likarudi katikati ya mchoro, akafuta geti la zamani, akachora jipya kwa kutumia tyubu ya panya mwenye afya. Ninalolaumu ni kwamba kiolezo kilitumika bila mtu kuitazama picha, na kwamba ripoti haikuonyesha picha yoyote bali asilimia tu. Mteja asiyejua alichopaswa kukitarajia angeichapisha. Tangu hapo nimeruhusiwa kukaa kando ya mwendeshaji kila safari, na kituo kinatupa faili ghafi tukiomba, bila malipo ya ziada, ili tuzichambue wenyewe kwa programu huria. Iombeni. Bila kuomba mtapewa ile ripoti ya kurasa nne.

Mng'ao wa asili ulikuwa somo la pili. Makrofaji za vifuko vya hewa hung'aa zenyewe, zaidi katika rangi za kijani zinazosomwa kwa leza ya bluu, kiasi kwamba ukiiwekea rangi hiyo alama yoyote (protini ya juu ya seli inayotambulisha aina yake) utaamini kwamba kila makrofaji inayo. Katika mpango wetu wa kwanza tulikuwa tumeiweka Ly6G, alama ya nyutrofili, kwenye rangi ya kijani. Matokeo yake ni makrofaji zilizovaa kanzu ya nyutrofili. Dada wa Arua alituagiza tulete daima tyubu moja ya majimaji ya pafu lisilopakwa rangi yoyote, pamoja na tyubu iliyokosa rangi moja tu kwa kila alama yenye utata, na tuzihamishie alama muhimu upande wa leza nyekundu. Sasa tunatambua makrofaji za vifuko kwa Siglec-F na CD11c kwa pamoja, kwa sababu Siglec-F peke yake iko pia kwenye eosinofili, seli nyingine za kinga. Nyutrofili kwa CD11b na Ly6G. Na monosaiti kwa CD11b na Ly6C baada ya kuziondoa nyutrofili. Kingamwili (protini inayoibeba rangi hadi kwenye alama) ya Ly6G tunanunua ya kloni ya 1A8, kwa kuwa ile ya zamani ya RB6-8C5 hushika Ly6G na Ly6C zote mbili na kuzichanganya seli ambazo sisi tunataka kuzitenganisha.

Nikiwa kwenye kingamwili, niseme kwamba kituo huuza dozi za kingamwili kwa kipimo kimoja kimoja, huduma nzuri kwa anayepima damu ya watu, lakini rafu yao ni ya binadamu tupu. Mapokezi walijaribu kwa nia njema kuniuzia CD66b kwa ajili ya nyutrofili. Panya hana alama hiyo. Agizeni zenu, na mjipe wiki nyingi, kwa sababu mzigo unaohitaji baridi ukifika Entebbe siku ya Ijumaa jioni huweza kulala huko hadi Jumatatu.

Jambo ambalo kituo hakijalirekebisha hadi leo ni kutoa asilimia bila idadi, nami nalihesabu kuwa kasoro kubwa kuliko ile ya geti, kwa sababu haionekani. Chukua mfano rahisi. Majimaji ya panya mwenye afya yana seli 300,000, na asilimia 95 ni makrofaji, yaani seli 285,000. Majimaji ya panya aliyeambukizwa yana seli 3,000,000, na asilimia 9 ni makrofaji, yaani seli 270,000. Anayesoma asilimia ataandika kwamba makrofaji zimeporomoka kutoka 95 hadi 9, atajenga hoja nzima juu ya kifo chake, na kumbe hazijaenda popote. Zimezungukwa tu na wageni. Na kuna nyakati ambapo makrofaji hutoweka kweli, bakteria wakiwa wengi na sumu yao ya kutoboa utando wa seli, pneumolaisini, ikiwa imefanya kazi yake, au panya akiwa ametoka kuugua mafua. Hali hizo mbili zinafanana kabisa kwenye asilimia. Zinatofautiana kwenye idadi pekee. Tiba yake ni kuongeza shanga za kuhesabia katika kila tyubu, ambazo kituo hakina, au kuhesabu seli mwenyewe kabla ya kuondoka kwa kioo cha Neubauer na rangi ya tripani buluu. Sisi tunahesabu wenyewe. Nimewaomba mara tatu waweke shanga hizo, na mara tatu nimeambiwa wateja wengine hawaziulizi.

Kuhusu usalama sina lawama, ingawa wenzangu wengine wanayo. Bakteria wa nimonia ni wa kiwango cha pili cha usalama wa kibiolojia, na kituo hukataa sampuli yoyote yenye bakteria hai: lazima seli zipakwe rangi kwenu, zihifadhiwe kwa paraformaldehaidi asilimia 2 kwa dakika 20, zioshwe, ndipo zipokelewe. Wapo wanaoona ni usumbufu. Mimi naona ni haki ya mwendeshaji anayekaa mbele ya mashine hiyo siku nzima. Ila mjue athari zake: mng'ao wa asili huongezeka kidogo, rangi za kuungana kama PE-Cy7 huanza kuchakaa zikikaa kwenye mwanga au zikingoja siku mbili, na rangi ya kutambua seli zilizokufa lazima itangulie kabla ya kuhifadhi, tena iwe ya aina inayojifunga kwenye protini, si propidiamu ayodaidi. Faida yake ni kwamba ukishahifadhi seli, foleni ya barabara ya Entebbe haikutishi tena. Safari ya kwanza, ambapo kituo kilitupokelea sampuli mbichi kwa kosa la mapokezi, nyutrofili zilikaa kwenye barafu karibu saa tatu, na wakati huo nyingi zilikuwa zimeanza kufa.

Safari ya tatu ilikuwa mbaya, na sehemu ya lawama ni yetu. Mara hii hatukuosha tu. Tulikatakata mapafu yenyewe na kuyayeyusha kwa kimeng'enya cha kolajenesi kwa dakika 40 kwenye nyuzi 37, kwa sababu kuosha hukupa kilichomo ndani ya vifuko tu, na makrofaji za kwenye tishu pamoja na seli zilizong'ang'ania kuta hubaki nyuma. Pafu lenye nyutrofili nyingi zinazokufa humwaga DNA, na DNA hiyo hugeuza sampuli kuwa mlenda. Tulipunguza kimeng'enya cha DNA-esi, kile kinachokata DNA, ili kiasi kidogo tulichokuwa nacho kitoshe tyubu zote. Hakikutosha. Tyubu ya pili iliziba njia ya mashine, mwendeshaji akaanza kuisafisha, na alipokuwa katikati umeme ukakatika. Jenereta iliwaka baada ya dakika chache, lakini mashine ilihitaji kupashwa moto na kupimwa upya kwa shanga, na saa yetu iliendelea kuhesabiwa. Tulilipa saa tatu kwa tyubu nne. Nilipolalamika, meneja alikubali kufuta saa moja ya umeme na kukataa kufuta ile ya mlenda, na nikikaa nikafikiri siwezi kusema alikosea. Sasa tunachuja kwa wavu wa mikromita 70 kwetu, na tena kwa wa mikromita 40 mlangoni pao.

Safari ya nne ndiyo iliyonifanya niandike. Tulipeleka panya wa siku ya 7, ambao wamekwisha kupona na kurudi kula, na mapafu yao kwa macho yanaonekana ya kawaida. Nyutrofili zilikuwa zimerudi karibu na sufuri. Lakini kwenye kundi la makrofaji, pale ambapo panya mwenye afya huonyesha wingu moja lililokaa juu kabisa ya mhimili wa Siglec-F, tuliona mawili: lile la zamani juu, na jipya katikati, lenye CD11c ya kutosha, Siglec-F ya wastani na CD11b ambayo haijafifia. Hizo ni seli zilizotoka kwenye monosaiti za damu wakati wa ugonjwa na sasa zinajifunza ukazi wa vifuko vya hewa, zikijaza nafasi za zilizokufa. Kwa Giemsa zote mbili ni makrofaji tu. Hakuna jicho litakalozitenganisha. Mashine ilizitenganisha waziwazi, na dada wa Arua, bila kuambiwa, alikuwa ameshusha kasi ya mtiririko ili wingu la katikati lisipotee kwenye ukungu. Aliniuliza seli hizo za katikati ni nini. Nilipomweleza, aliomba nakala ya mchoro abandike ukutani kando ya ule wa CD4.

Kwa hiyo ushauri wangu unategemea swali ulilo nalo. Kama unataka tu kujua nyutrofili zimeingia au hazijaingia kwenye majimaji ya kuosha saa 24 baada ya maambukizi, usitumie shilingi yako huko. Kioo, Giemsa na mchana mmoja wa kuhesabu vitakupa jibu lilelile. Kama unataka kutenganisha makrofaji za zamani na mpya, monosaiti na makrofaji za tishu, au kujua seli ipi inatoa IL-17, huna njia nyingine, na kati ya sehemu nilizozitumia hii ndiyo yenye mwendeshaji anayeitazama picha. Swali moja bado hatujaweza kulijibu huko: nyutrofili ngapi ziko ndani ya tishu kweli na ngapi zimekwama tu katika mishipa midogo ya pafu, maana mishipa hiyo huhifadhi nyutrofili nyingi hata kwa panya mwenye afya. Njia yake ni kumchoma panya kingamwili ya CD45 (alama iliyoko kwenye seli zote nyeupe) kwenye mshipa dakika 3 hadi 5 kabla ya kumuua, ili seli za kwenye damu zipate rangi na za kwenye tishu zikose. Inahitaji rangi moja zaidi ya tulizokuwa tumepanga, na mwendeshaji ametuahidi nafasi kwenye leza ya zambarau.

Nyota nazitoa tatu na nusu kati ya tano. Ripoti yao ya kawaida ningeipa moja, na mwendeshaji ningempa tano. Kuweka nafasi ni kwa WhatsApp. Ombeni saa mbili asubuhi, mashine ikiwa imetoka tu kupimwa na kabla damu za kliniki hazijafika, na kwenye fomu andikeni "nyingine" kwa herufi kubwa.